Dakika Arobaini za Kuzoea

Jumatatu nilimpeleka mjukuu wangu chekechea, pale Makole. Getini mwalimu akatutangazia kwamba wiki ya kwanza watoto watakaa dakika arobaini tu.

"Tunawazoesha taratibu."

Mama mmoja, kitambulisho cha ofisi kikining'inia shingoni, akatazama saa. "Mwalimu, nikifika kazini Mtumba ni kugeuza tu kuja kumchukua. Bosi nimwambie nini?"

"Mwambie mtoto anazoea."

Muda ulipoisha, bintiye aling'ang'ania bembea akilia kwamba haondoki. Mama akabembeleza, mwalimu akabembeleza, mpishi akaja na biskuti. Kumbandua pale kulichukua saa nzima.

Mama akapiga simu kazini. "Samahani bosi, mtoto bado anazoea."

Hakusema uongo. Hakufafanua tu kwamba anachozoea ni kurudi nyumbani.