Sentensi Aliyoikata Mjomba

Kazi yangu ni kukata maneno ya watu. Wananiletea miswada nyumbani kwangu Masasi, walimu wastaafu na vijana wenye mapenzi mapya, nami naishika kalamu nyekundu bila huruma. Mashairi yangu mwenyewe yametoka vitabu vitatu. Yamesomwa kwenye harusi kuanzia Nanganga hadi Newala, na wazazi wa mabibi harusi wamenipa mkono wakiniuliza ni binti gani aliyenichanganya kiasi hicho. Hakuna binti. Ninampenda mwanamume, fundi cherehani, mwaka wa kumi na mbili sasa, na kila shairi mlilolitolea machozi kwenye harusi zenu nililitunga nikimtazama akipiga pasi.

Ila maisha yangu niliyahariri kwa ukali kuliko mswada wowote. Kwa watu nilimwita mpangaji mwenzangu, mara ndugu wa kanisani. Nilifuta kabla mtu hajauliza, na ninaona aibu kwa hilo tu, si kwa lingine.

Mama alipopata kiharusi kijijini Makote, dada zangu wawili walikuwa na watoto wachanga, nami nilikuwa na miswada. Aliyefunga cherehani juu ya basi akahamia kwa Mama ni yeye, fundi wangu. Alimkorogea uji, akamfulia mashuka, akamkanda mguu uliopooza asubuhi na jioni. Kwetu mkwe hukaa mbali na mama mkwe wake kwa heshima, hata kiti chake hakikalii. Mama alimtania kwa hilo. Alimuuliza yeye ni mkwe wa namna gani, anayeshika miguu ya mama mkwe wake mchana kweupe. Alisema hivyo mlango ukiwa wazi, jirani yetu wa Kiyao akipukuchua mbaazi barazani.

Mama alipofariki, mjomba alinipa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Kwetu kaka wa mama ndiye mwenye neno la mwisho. Aliusoma nyuma ya nyumba, amesimama, kisha akaniomba kalamu yangu, ile ile nyekundu, akaikata sentensi moja.

"Hii haisomwi mbele ya watu," alisema. "Ukiisoma, mimi si mjomba wako."

 Mwanamume aliyemuuguza mama yangu alipelekwa kwenye masufuria, akachote maji na wapishi, nami nikaikunja ile karatasi nikaitia mfukoni kama mtoto aliyefokewa.

Siku ya maziko, kabla wasifu haujasomwa, yule jirani alitoka ndani amevaa kanga za Mama, mguu mmoja anauburuta, mdomo ameupindisha. Yeye ni mtani wetu, na mtani msibani hachukiwi, afanye atakalo. Watu wakaanza kucheka huku wanalia. Akakaa kwenye kiti karibu na jeneza, akanyoosha mguu.

"Mkwe wangu yuko wapi?" aliita kwa sauti ya Mama hasa. "Mguu unaniuma, na mimi sizikwi na mguu unaouma."

Waume wa dada zangu wakasukumwa mbele. Akawatazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa, akasema hawa hawajawahi kumshika hata kidole. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kwenye masufuria. Kicheko kikakatika.

Nikaitwa kusoma. Nilipofika kwenye ile sentensi, ule mstari mwekundu haukuficha kitu; kila neno lilisomeka. Nilimwona mjomba ananikazia macho. Nikasoma: "Ameacha wakwe watatu, na mmoja wao, mwenzangu wa maisha, ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho." Nikairudia yote tangu mwanzo, ili walio nyuma nao wasikie.

Wakwe walipoitwa kuweka shada, mwenzangu alikuja akifuta mikono yenye maji kwenye shati. Shemeji mmoja alirudi nyuma. Mwingine alimshikisha upande wa shada, wakainama pamoja.

Tangu siku ile watu kadhaa wamekuja kuchukua miswada yao, na kwenye harusi siitwi tena. Wakasome mashairi ya mwingine. Nina kitabu cha nne mezani, na ukurasa wa kwanza una jina lote la mwenzangu, la kwao na la ubatizo. Hilo sitalikata.

Mjomba nikikutana naye namwamkia shikamoo, kwa kuwa ni mjomba wangu, atake asitake. Haitikii. Anageuza uso kwenye mikorosho kana kwamba anazikagua korosho. Wiki iliyopita tulimkuta kwenye njia ya Makote, tukiwa wawili. Tulisimama tukamwamkia kwa pamoja, naye akapita kimya. Tukamfuata hatua chache, tukamwamkia tena.