Samaki Aliyevimba Mdomo

Nitasema ukweli, hata mkinicheka. Mimi ni kinyozi hapa Wabera, mjini Isiolo, na dukani mwangu nina tangi la kioo lenye samaki sita wa rangi, asili yao Ziwa Malawi. Niliwaleta wakiwa wadogo kama ukucha. Wenye ngamia wa mji huu mkavu walinicheka, lakini niliwalea mpaka wakajaa kiganja, nami nikajiita daktari wa samaki.

Hivi karibuni Njano, samaki nimpendaye kuliko wote, aliacha kula. Wiki mbili hakugusa chakula, na kidevu kikavimba. Nikamkumbuka jirani yangu, Mama Qabale muuza chai, anayependa kumrushia makombo ya mandazi. Jumamosi, wateja wakiwa wamejaa, nikamwita.

“Mama Qabale, umeniulia samaki! Mandazi yako yamemkwama kooni!”

“Wallahi sijampa kitu mwezi huu,” akasema, machozi yakimlengalenga.

“Basi nitampanua mdomo, kila mtu aone.”

Nikatumbukiza wavu. Kabla sijamgusa, Njano akafungua mdomo mwenyewe, vikamiminika visamaki vidogo, vizima, vikiogelea kila upande. Kumbe alikuwa ameatamia mayai mdomoni! Duka likalipuka kwa vifijo. Mzee niliyemnyoa nusu kichwa akasimama kupiga makofi. Nami nilitaka kuruka kwa furaha, maana Isiolo yetu kavu imezaa samaki dukani mwangu, lakini uso uliniwaka kwa aibu.

Mama Qabale akafuta macho, akanipa mkono mbele ya wote.

“Hongera, daktari. Mgonjwa wako amejifungua.”