Nilijua Chapati Zinamuumiza Mwanangu, Nikanyamaza

Admin, nifichie jina tafadhali, maana mume wangu ni mzee wa kanisa na watu wetu wengi wako kwa hii page.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa. Jambo hili nimelibeba tangu miaka ya tisini, na sasa limefika kwa mjukuu wangu.

Nilitoka Othaya nikaolewa Timau. Mume wangu alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la ngano, na tuliishi boma moja na mama yake. Mimi nilienda kazi kwenye shamba la maua, mtoto wetu, nitamwita Wanja, akabaki na shosho yake, huyo mama mkwe wangu. Majirani walikula chapati Krismasi. Sisi tulikula karibu kila siku, na mama mkwe alijivunia hilo sana.

Wanja alipofika miaka minne alibadilika. Tumbo lilifura, mikono ikawa myembamba. Aliharisha, akalia bila sababu, akauma watoto wenzake, kisha akajificha nyuma ya ghala peke yake. Nikimshika ananisukuma. Mama mkwe akasema, "Hii mtoto haina ugonjwa. Iko na kiburi ya watu wa kwenu. Chapa yeye!" Mume wangu akanikataza kwenda naye hospitali tena, ati nawaaibisha. Na nitasema ukweli, hata mimi nilimchapa.

Siku moja nilidanganya kwamba mama yangu ni mgonjwa, nikampeleka Nyeri. Walimpima, tukarudi tena kuchukua majibu. Daktari, mama mmoja mpole, akaniambia, "Tumbo lake halikubali ngano. Si kiburi. Mtoto akiumwa na tumbo kila siku, hata roho yake haitulii. Wacha chapati, mkate na mandazi kabisa." Akaniandikia karatasi.

Ningemwonyesha nani hiyo karatasi? Kuionyesha ilikuwa kukiri nimedanganya mara mbili, na mume wangu alikuwa na mkono mzito. Nilipofika nyumbani nikaitia motoni, ikaungua.

Baadaye mama mkwe akaenda kwa dada yake mwezi mzima. Nikawa namwacha Wanja kwa jirani na chakula chake: viazi, ndizi, githeri ya mahindi na maharagwe. Pole pole tumbo likashuka. Akaanza kuimba. Jioni moja alinikimbilia nikitoka kazini, akanishika miguu, akacheka mpaka akaketi chini. Baba yake mwenyewe akasema, "Huyu msichana amekuwa mzuri siku hizi." Neno lilikuwa kwenye ulimi wangu. Sikulisema.

Mama mkwe akarudi. "Ni nani amenyima mtoto chapati?" Akampikia. Haikupita wiki mbili, kilio kikarudi. Nikawa nikitoka kazini namkuta amejikunja chini ya meza, na kila siku najiambia nitasema kesho. Alipofika darasa la nne walimpeleka shule ya boarding, ati anyooke.

Mama mkwe alishafariki. Wanja ni mtu mzima, anaishi Gatitu. Hana marafiki, anaweza kukaa siku nyingi bila kuongea, na tumbo bado linamsumbua. Ana msichana wa miaka sita. Mwezi uliopita tulimtembelea na mume wangu, nikamwona yule mtoto na tumbo limefura, anapiga ukuta ngumi akilia. Nikataka kumbeba. Wanja akasema, "Mwache, mami. Amezaliwa mbaya kama mimi. Tunampeleka boarding."

Nikamwambia amtafutie daktari wa tumbo kwanza. Akaniangalia.

"Alipewa dawa ya minyoo, inatosha. Kwani mimi ulinipeleka kwa daktari?"

Baba yake alikuwa ameketi hapo hapo. Nikasema, "Hapana."

Shule zinafunguliwa wiki mbili zijazo. Nimeshika simu mara nyingi, nikasikia "Hello, mami," nikauliza tu kama kumenyesha. Nikisema, binti yangu atajua kwamba maisha yake yote nilikuwa na jibu nikamwacha aamini yeye ni mbaya, na sijui kama ataniita mama tena. Nikinyamaza, mtoto anaenda.

Nyinyi mnaosoma, hasa mlio na mabinti, mwenzenu nianzie wapi? Nitamwambia na maneno gani? Hata mkinikaripia, nitasoma zote.