Koili Iliyofungwa Ijumaa

Dada yangu hushindana kwa pikipiki, na mimi humwogopea. Ndivyo tulivyogawana kazi tangu alipoolewa na fundi: mume hutengeneza injini, mke huiendesha, nami husimama kando ya kamba, mikono kwapani, nikisikiliza. Macho siyaamini, vumbi huyadanganya. Lakini sauti ya injini ile naijua kama ninavyokijua kikohozi cha mama nikiwa chumba cha pili.

Gereji yao iko Migori, barabara ya malori ya miwa. Shemeji ni Msabato, na wateja wake wote wanazijua sheria zake. Ijumaa jua likishagusa mabati ya jirani, spana zinarudi sandukuni. Gurudumu likiwa linaning'inia kwa nati moja, litaning'inia hivyo hivyo mpaka Jumamosi jioni. Sisi tulilelewa Ukatoliki. Dada alifuata kanisa la mumewe kwa moyo safi, anaimba kwaya na hakosi ibada, ila mikono yake haijawahi kuzoea kuacha kitu nusu.

Mwezi ule pikipiki yao ya mashindano ilikuwa na cheche dhaifu. Nilimuuliza shemeji kwa nini jambo dogo hivyo linamkosesha usingizi. Alikuwa ameinama juu ya injini na hakuinua kichwa.

"Moto si taa, shemeji," alisema. "Taa unabonyeza, imewaka. Moto ndani ya silinda ni kama umbea. Mmoja anamnong'oneza mwenzake, huyo naye mwingine, mpaka kijiji kizima kinajua. Hiyo inachukua muda."

Kwa sababu hiyo, akanieleza, cheche huitwa kabla pistoni haijafika juu kabisa, ili umbea uwe umeshaenea wakati pistoni inapogeuka kushuka, na moto uisukume kwa nguvu zake zote. Cheche ikiwa dhaifu, umbea unachelewa kuanza, basi inabidi iitwe mapema zaidi. Ndivyo alivyokuwa amefanya. Alikuwa ameisogeza mbele taiming, yaani wakati wa kuita cheche, kidogo kidogo, ili kuibeba koili iliyochoka, kile kifaa kinachozaa cheche.

"Siku nikipata koili nzuri, lazima niirudishe nyuma," alisema. "Cheche kali haina kusitasita. Ukiiita mapema namna hii, moto utaikuta pistoni bado inapanda. Fahali wawili, mlango mmoja."

Koili nzuri ilifika kwa basi la kutoka Kisii, Ijumaa alasiri. Aliifunga, akaongeza pengo la plagi kwa kuwa sasa cheche ilikuwa na uwezo wa kuruka mbali, akapiga kiki plagi ikiwa nje. Cheche ya zamani ilikuwa uzi wa rangi ya chungwa. Hii ilikuwa ya buluu, nene, na ilitoa mlio kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Dada alipiga kigelegele hadi wauza viazi ng'ambo ya barabara wakachungulia. Shemeji akafungua kifuniko cha pembeni, akalegeza skrubu za ile sahani ndogo inayoamua cheche itoke lini, na papo hapo jua likagusa mabati. Akaziacha skrubu zilivyo, akaenda kunawa.

Dada alibaki peke yake na injini iliyo wazi. Malori yalikuwa yanapita na kutimua vumbi. Akakaza skrubu, akafunga kifuniko. Hakusogeza chochote, alidhani kilichotakiwa kusogezwa kimeshasogezwa. Jumamosi jioni mumewe alirudi akakuta kila kitu kimefungwa vizuri, naye akadhani mkewe, aliyezoea kumtazama akiifanya kazi hiyo, ndiye aliyeimalizia. Waliiwasha uani, ikanguruma vizuri. Injini isiyobeba mzigo haisemi siri zake.

Hayo yote niliyajua kesho yake, vipande vipande, mahali pabaya pa kuyajulia.

Jumapili tulipitia Awendo, Rongo na Rodi, tukateremkia mashindanoni kando ya ziwa, na kila tuliposhuka hewa ilizidi kuwa nzito na yenye joto la ziwa. "Hewa ya huku inashibisha," shemeji alisema akiwa ametoa mkono dirishani. "Silinda itakula vizuri leo." Alikuwa na furaha. Namkumbuka na furaha ile.

Uwanja ulikuwa chini ya mlima Asego, njia ya murram iliyozunguka kichaka, ikapanda mwinuko mkali, ikapotea nyuma ya ua wa ojuok, ile miti ya utomvu mweupe, kisha ikarudi. Dada alipovaa helmeti, kijana mmoja alimpigia kelele kutoka juu ya tangi la maji.

"Mama! Umepotea? Soko la omena liko kule!"

"Ngoja hapo hapo," dada akamjibu. "Nakuletea vumbi, ukakaangie."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, na kicheko kilikuwa bado mdomoni alipotoka kwa mzunguko wa majaribio. Kwenye tambarare injini iliimba. Ilipoanza kupanda mwinuko, chini ya mngurumo nikasikia kitu kingine, kidogo, kikavu, kama punje za mahindi zinazotupwa kwenye sufuria tupu.

Nikamvuta shemeji mkono.

"Shemeji, inagonga."

"Mnyororo huo."

"Mnyororo haugongi hivyo."

Akageuza sikio. Dada alikuwa amefika kileleni na sauti ilikuwa imetoweka. "Yawa, jamani," akasema taratibu. "Si aliirudisha taiming?"

"Nani?"

"Dada yako."

"Mwenye taiming si wewe?"

Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukimwagika namna ile. Akaanza kukimbia. Majaribio yalikuwa yamekwisha na washindani walikuwa wanajipanga. Alifika kwenye kamba, mwenye bendera akamzuia kwa kifua. Shemeji alirukaruka na kupunga mikono yote miwili, akamwita mkewe kwa jina la nyumbani kwao, binti wa Awendo, "Nyar Awendo! Nyar Awendo!" lakini pikipiki zote zilikuwa zinanguruma. Dada aligeuza helmeti, akamwona mumewe akiruka, akadhani anashangiliwa. Akamwinulia kidole gumba.

Bendera ikashuka.

Sikumbuki nani alikuwa mbele. Nakumbuka mwinuko. Kila walipoupanda nilizisikia punje zile, na kila mara zilikuwa nyingi zaidi, kubwa zaidi, kama aliyekuwa akizitupa amekasirika. Shemeji alirudi kusimama karibu yangu.

"Pistoni ikitoboka, injini itakufa tu, atasimama," alisema, kama mtu anayejisomea dua. "Ikikwama ndani ya silinda, ndiyo mbaya. Inakwama na gurudumu la nyuma. Kwa mwendo ule..."

"Atasikia," nikasema.

"Na helmeti? Na wale wote pembeni yake?"

Nilitaka kufumba masikio na sikuthubutu. Niliona kwamba sauti ile ndiyo uzi pekee uliokuwa umebaki kati yangu na yeye, na kwamba nikiiachia kidogo tu, itakatika. Basi nikaishikilia. Wakapanda tena. Punje, punje, punje. Wakaingia nyuma ya ua wa ojuok, na hapo katikati ya mngurumo wa wengine, injini yetu ikapiga ukelele mfupi na kunyamaza.

Wengine walitokeza upande wa pili. Nikawahesabu kwa macho, nikarudia. Hakuwemo.

Tulikimbia kukatiza uwanja. Kuna mtu alitutukana, kuna mwingine alituachia njia. Nilikuwa nasali sala za utotoni, nazichanganya, mwanzo wa moja na mwisho wa nyingine. Tulipoizunguka miti ile nilimtafuta chini, mtaroni, kwenye mawe. Kumtafuta juu ya pikipiki niliogopa, nisije nikatumaini bure.

Alikuwa amekaa. Pikipiki ilikuwa imesimama majanini, mbali na njia, naye yuko juu yake, miguu yote miwili chini. Injini ilipoanza kukwama alikuwa ameikamata klachi, gurudumu likaachana na injini, akateleza kimya kimya hadi majanini. Helmeti alikuwa hajaivua.

"Uliirudisha taiming?" akamuuliza mumewe. Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Nilidhani wewe. Nilikuta kifuniko kimefungwa."

"Nilifunga vumbi lisiingie." Akavuta pumzi. "Nilidhani umemaliza. Ulikuwa umenawa mikono, jaduong', mzee wangu."

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Shemeji alimshika mkono wa kushoto ili amsaidie kushuka, naye hakushuka. Vidole vyake vilikuwa bado vimeikaba klachi, na havikutaka kufunguka. Aliviangalia kama vya mtu mwingine. Miaka yote nilidhani woga ni wangu peke yangu, kwamba yeye huniachia woga huo kando ya kamba kama mtu anayeacha mkoba.

"Siwezi kuachia," akasema.

Shemeji akapiga magoti kwenye majani. Akaanza na kidole kidogo, akakikunjua polepole, akakishika katika kiganja chake kisirudi, kisha akaenda kwa kile kilichofuata. Nami nikaivua ile helmeti kichwani mwake, na nywele zake zilikuwa zimelowa kabisa.