Kufuli ya Frigo ya Mwenze

Mwenze aliwapikia Wazungu kwa miaka kumi na mmoja, na katika kazi ile yote kitu kimoja tu kilimkaa moyoni: jibini. Bwana wake, mhandisi wa migodi, alipoondoka Zaïre mwaka 1974, alimwachia frigo, jokofu kuukuu, na maneno machache. Jibini haitaki baridi kali, haitaki ukavu, haitaki kulowa. Ikikauka, ganda linapasuka. Ikilowa, linateleza na kuota ukungu mweusi. Kulowa huko ndiko kulikomshinda Mwenze, ingawa mtaani hakumwambia mtu. Mtaani alijiita fundi.

Frigo ilisimama sebuleni, kama ilivyo mjini Kolwezi kwa kila aliyejaliwa kuwa nayo, ili wageni waione. Chini aliweka sahani ya maji, katikati mabonge ya jibini aliyokuwa akiyaivisha juu ya ubao, na pembeni akatundika kitambaa kibichi. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kupika kantini, aliyageuza mabonge moja moja na kuyapangusa kwa maji ya chumvi. Mvua za mwaka 1976 zilipoanza, kuta za ndani za frigo zikaanza kutoa jasho. Akapunguza maji ya sahani, akayaongeza, akayapunguza tena. Mabonge matatu yaliyooza aliyafukia nyuma ya nyumba, na mkewe Laurentine akajifanya haoni.

Ndipo Mama Numbi, mama yake Laurentine, akafika kwa treni kutoka Tenke. Binti yake alikuwa na mimba ya kwanza, na binti haachwi ajifungue mara ya kwanza bila mama yake kuwapo. Kwa watu wao, mwanamume na mama mkwe wake huoneana haya. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na neno likiwepo hupitia kwa mtu mwingine. Mama Numbi alitumia mlango wa jikoni. Mwenze akiingia sebuleni, yeye hutoka. Mwenze aliifurahia haya hiyo, maana ilimfanya ajione mkwe mwenye adabu.

Na tangu siku zile jibini ikatulia. Kuta zikaacha kutoa jasho, ganda likakaza vizuri. Huko kantini Mwenze akavimba kichwa, akawaambia wenzake kwamba hatimaye mkono wake umekubali.

Siku moja alirudi mapema. Akiwa bado uani, kupitia dirishani, alimwona Mama Numbi amesimama mbele ya frigo iliyo wazi, chupa ya maji mkononi. Adabu ilimtaka ageuze uso, naye akaugeuza, asione kilichofuata. Lakini hasira zilikwisha mpanda. Kumbe frigo yake imegeuzwa mtungi! Angeweza kumwambia mkewe kwa upole, na neno lingefika. Hakufanya hivyo. Alikwenda sokoni akanunua kufuli, akaifunga frigo, ufunguo akautia mfukoni.

Laurentine aliiona kufuli ile.

"Mu hii nyumba tuko batatu," alisema. "Weye uko na lufungulo. Miye siwezi hata kuinama. Basi ni mama yangu njo unamufungia."

Mwenze akajibu kwamba ni kwa ajili ya jibini. Hata yeye mwenyewe aliona jibu hilo halina miguu.

Kesho yake Mama Numbi alitoka kwa mlango wa jikoni na furushi lake, akaenda stesheni. Aliacha neno moja kwa binti yake: "Mutu bakimufungia mayi, bamesha kumuambia aende."

Jasho lilirudi kidogo kidogo, na asubuhi ya siku ya kumi Mwenze alifungua frigo akakuta maji yanatiririka ukutani na mabonge yote manane yanateleza, meusi. Hakuna aliyeugusa mlango ule mchana hata mara moja. Alisimama pale akielewa polepole, na uso ukamwaka. Kule kufungua alikokuchukia ndiko kulikokuwa kukiutoa unyevu. Chumbani Laurentine alilala ameelekea ukutani, miguu imevimba, mwezi wa nane. Kama mama yake hatarudi, atajifungua peke yake, na aliyemfukuza mama huyo ni mumewe.

Akapanda treni kwenda Tenke. Alikalishwa uani, mgongo ukutani, na Mama Numbi akakaa ndani, upande wa pili wa ukuta huohuo. Odile, mdogo wake Mama Numbi, ndiye aliyebeba maneno. Ukuta ulikuwa mwembamba, kwa hiyo kila jibu Mwenze alilisikia mara mbili: kwanza kwa mwenyewe, kisha kwa Odile, na mara ya kwanza ilimbidi ajifanye hajasikia.

Alisema yote. Alisema hata kwamba frigo ilikuwa imemshinda tangu zamani, jambo ambalo hakuwahi kulitamka.

"Yee anasema alijua," Odile akarudisha. "Laurentine alimuambia unafukiaka bitu nyuma ya nyumba. Anasema kintu cha kufungiwa kinaoza, hata muhogo. Njo alikuwa anafungua ile mulango asubuhi na muchana, anapangusa mayi na kitenge yake."

Mwenze akauliza kwa sauti ndogo: na chupa?

Akasikia jibu ukutani, na Odile akarudia: "Chupa ilikuwa ya kushika tu. Mutu akimuona, aseme mama iko na kiu. Asiseme mukwe hajue kazi yake."

Mwenze aliinamisha kichwa. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Haya aliyojivunia miezi yote ilikuwa ya mdomoni tu. Ya kweli ilikuwa kwa mwanamke yule, aliyeificha aibu ya mkwe wake na kulipwa kwa kufuli.

Mama Numbi alikuja juma lililofuata. Alikuja kwa ajili ya binti yake, na alisema hivyo. Kufuli ilikwisha tupwa. Furushi lilikuwa mkononi, na kichwani alikuwa amejitwika bidoni, dumu la maji kutoka Tenke. Alilitua chini, jikoni, kando ya mkeka wake. Maji yalipoisha, alilijaza kwenye bomba la mtaani, akipanga foleni na wanawake wengine.

Mwenze alimtuma Laurentine amsihi anywe maji baridi ya frigo.

"Mayi yangu inanitosha," jibu likarudi.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Mama Numbi alikaa miezi mitatu, na hakuna siku aliyoigusa frigo ile. Mwenze aliifungua mwenyewe asubuhi, akatoka kantini mbio mchana kuja kuifungua tena, akapangusa kuta kwa kitambaa. Majirani walipoisifu jibini yake, alishukuru na kuwauliza habari za watoto wao.