Mzee wa Kanisa Mwenye Kucha Safi

Si yule mkimbizi wa kambi ya Lusenda aliyembaka Espérance, hata kama mji mzima wa Baraka unaapa hivyo na maskini amefungwa kasho ya polisi. Mama Mwalimu, mjane, alimjua mwenye kosa: shemeji yake, ndugu wa mumewe, mzee wa kanisa, mwenye kucha safi, anayekunja mikono ya shati mara mbili kabla ya kuombea wagonjwa kwa sauti ya kubembeleza. Jumapili sauti hiyo ilipopiga hodi, Espérance, mpwa wa mjane, aliacha ugali wa fufu motoni akakimbia kwa mlango wa nyuma.

“Bale bakimbizi bote bako vile, Mama Mwalimu,” alisema jirani Rosette.

“Si yeye.”

“Sasa ni nani? Sema, bamutoshe mu kasho!”

Mjane aliwaza jina la ukoo, alilomwachia marehemu mumewe.

“Nimesema si yeye. Zaidi ya hapo sisemi.”