Buti zilizombana Nsimire akanyamaza

Saa nane kasoro mchana, jua la Mei linawaka kinyonge juu ya makontena ya Port Botany, bandari ya Sydney, Australia, na Nsimire Balagizi ameketi kwenye ngazi ya ghala akivaa soksi. Mguu wa kulia anaumaliza upesi, kama mtu yeyote. Wa kushoto anaupa muda. Anaipapasa soksi, anaigeuza, anatafuta mshono ulipo, kisha anaipitisha polepole mahali palipokuwa na vidole viwili ambavyo sasa havipo.

"Usiangalie sana, dada," anamwambia mwandishi wa habari hizi, akicheka. "Utaiota."

Nsimire ana miaka 46, ni mzaliwa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na alifika Sydney na familia yake kama mkimbizi. Kazi yake ni kukusanya maboksi ya vyakula vilivyogandishwa, kuku, njegere, samaki, na kuyapanga tayari kwa malori yanayopeleka madukani. Tangu aumie amekuwa akibandika lebo nje ya mlango wa friza. Kazi hiyo nyepesi inakwisha wiki hii. Jumatatu anatakiwa arudi ndani, kwenye baridi ya nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, la sivyo nafasi apewe mwingine.

Ili arudi anahitaji buti. Na ni buti za aina hiyo hiyo zilizomponza vidole.

Tuanze na jambo moja linalokera. Wakala aliyempatia kazi humpa mfanyakazi koti zito na glavu. Buti kila mtu anajitafutia. Yaani ukubwa wa kuku waliogandishwa una utaratibu wake, joto la friza lina kipimo chake ukutani, lakini miguu ya anayewabeba hao kuku ni shauri lake mwenyewe.

Alipoanza, mwanzoni mwa mwaka jana, 2021, alivaa mabuti ya mpira ya shambani. Verdiane, mama wa Kirundi anayefanya naye zamu moja, alimwonea huruma. Akamwambia wanaodumu humo ndani hununua buti za wawindaji, zile nene zenye sufu ndani, za wanaume wanaopanda milimani kukaa kwenye theluji wakivizia paa.

"Nilishangaa sana," anasema Nsimire. "Mutu anaacha kitanda yake anaenda kukaa kwa baridi, anapenda mwenyewe? Na viatu yake ni mizuri kuliko ya mwenye anatafuta chakula?"

Alipofika nyumbani Cabramatta alimweleza mumewe, Cirhuza. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo, na yalianza kwa furaha.

Cirhuza aliuza viatu katika soko la Kadutu, Bukavu, tangu ujana hadi vita vilipowatoa. Mitumba na vipya, vya kiume na vya kike. Alikuwa akikunja soli, akigonga kisigino, akinusa gundi, na hukumu yake watu waliisikiliza. Sydney ilimpa kazi ya usafi hotelini, na corona ilipoingia hoteli ikafungwa. Zaidi ya mwaka alikaa kwenye kochi, mkewe akitoka kila siku kuilisha nyumba. Kwa hiyo aliposikia habari ya buti aliinuka, akanyoa ndevu, akavaa shati la kanisani.

"Siku hiyo alikuwa tena Cirhuza wa Kadutu," anasema Nsimire. "Njiani alikuwa anaongea tu, anaongea."

Walikwenda magharibi kabisa, mwisho wa jiji kabla milima haijaanza, kwenye duka la vifaa vya uwindaji. Mwenye duka, mzee mwenye ndevu nyeupe aitwaye Ronnie, mwindaji mwenyewe, aliwaambia jambo moja: vaa soksi nene kwanza, kisha chukua buti inayozidi kidogo saizi yako, vidole vipate nafasi ya kucheza. Buti hizi hazipashi mguu joto, alisema. Joto ni la mguu wenyewe, na kinachokuwekea ni hewa iliyomo ndani. Zikibana, hewa haipo, na damu haifiki vidoleni.

Cirhuza alimsikia vizuri sana. Kiingereza chake kinatosha. Tatizo ni kwamba alimsikia kwa masikio ya muuza viatu.

"Mimi pia nilikuwa nafanya hivyo," anasema leo, macho yake yakiwa sakafuni. "Kiatu kubwa imekosa mwenyewe, inakaa, inakaa. Mteja anakuja na mguu mudogo, unamwambia, mama, utavaa na soksi, itakuwa mzuri. Nikajua huyu mzee anataka kunitolea zenye zimemubakia."

Akaikataa saizi ya Ronnie. Akachukua ndogo, akaisifu ngozi yake, akasema maneno ambayo Kadutu nzima inayajua: kiatu kipya lazima kibane, kikikuachia dukani baada ya mwezi utakivaa kama mtumbwi. Akapiga magoti, akamfunga mkewe kamba, akauliza kama ni vizuri.

Nsimire alisimama. Vidole vilikuwa vimelaliana.

"Nikasema ni vizuri kabisa."

Kwa nini? Mwandishi aliuliza swali hilo mara mbili, maana mara ya kwanza Nsimire alijifanya hajasikia. Kisha akajibu: "Bwana yangu alikuwa amekosa kazi, amekosa soko, amekosa hata lugha. Alikuwa amebakia na viatu tu. Nikimwambia vinabana, atabakia na nini?"

Siku chache baadaye jiji likafungwa. Wasomaji walioko huku wanakumbuka majira ya baridi ya mwaka ule. Walioko nyumbani waelezwe. Cabramatta iko ndani ya wilaya ya Fairfield, na Fairfield ilibanwa kuliko sehemu nyingi. Waliotoka kwenda kazini walipimwa corona kila baada ya siku tatu. Wanajeshi walipita na polisi wakigonga milango kuuliza kama watu wako ndani. Waambie watu wa Kivu, waliokimbia askari, kwamba askari anagonga kukujulia hali! Bibiane, binti yao mkubwa, ambaye nyumbani huitwa Bibi, anakumbuka mama yake akijificha bafuni.

Duka la buti lilifungwa, na hata lingekuwa wazi lilikuwa mbali kuliko walikoruhusiwa kwenda. Buti zilizobana zikabaki hizo hizo. Na friza ikafanya kazi kuliko wakati wowote, kwa sababu jiji zima lilikuwa nyumbani linakula.

Zamu zikarefuka. Wiki za kwanza vidole vilimuuma kama vimebanwa na mlango. Nsimire akafanya jambo ambalo yeyote kati yetu angelifanya: akaongeza soksi ya pili. Buti iliyokuwa haina nafasi sasa ikawa inakaba. Baridi ikazidi, naye akatafuta soksi nene zaidi.

Halafu siku moja maumivu yakaisha.

"Ganzi ilipokuja nilishukuru Mungu," anasema. "Vraiment, kweli kabisa, niliomba, nikasema Bwana umenisikia. Nilifanya kazi ile juma yote bila kusikia kitu."

Mwandishi ameandika habari nyingi za corona katika jiji hili, za waliokufa na za waliozikwa bila watu. Lakini sala ile ya shukrani inamuumiza mpaka leo.

Kwa mumewe alisema buti ni nzuri. Kila alipotoka kazini Cirhuza alizipokea mlangoni, akazipangusa, akazipaka mafuta ya ngozi. Ni desturi yake: Jumamosi jioni hupanga viatu vya nyumba nzima sebuleni na kuving'arisha kwa ajili ya ibada. Hata kanisa lilipohamia kwenye simu, aling'arisha viatu vya watu waliokuwa wakisali pekupeku kwenye kochi. Aligundua kuwa ngozi ya buti haiachii, akasema bado, itaachia tu.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Aliyemuumbua Nsimire ni Verdiane, aliyemkuta chumba cha kubadilishia nguo ameinama juu ya mguu. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vyeusi.

"Nilipiga kelele," anasema Verdiane. "Nikamwambia, mama, hii ni maiti, unatembea na maiti! Yeye ananiambia nyamaza, bosi atasikia."

Hospitalini Cirhuza hakuruhusiwa kuingia, kwa masharti ya corona. Alisimama nje, kwenye maegesho ya magari, huku madaktari wakijaribu kuokoa kinachookoka. Habari kwamba vidole vitakatwa aliipata kwa simu. Muuguzi alimletea buti kwenye mfuko wa plastiki, akazipeleka nyumbani, akachukua kisu cha jikoni na kuipasua ile ya kushoto toka juu hadi soli.

"Nilitaka kuona," anasema. "Sufu ya mbele ilikuwa imelala kama godoro ya kale. Hakuna nafasi hata ya sindano. Yule mzee alisema kweli."

Kumbe mkewe alikuwa akijua hilo tangu dukani. Cirhuza alipogundua, ndipo akalia, na alilia kwa jambo hilo zaidi ya vidole.

Ombi la fidia bado linasuasua. Jibu la mwisho walilopata ni kwamba buti hazikutolewa na mwajiri. Kweli kabisa, hazikutolewa. Ndiyo shida yenyewe hiyo, na mwandishi hajui wanaoandika majibu hayo huwa wanasoma wanachokiandika au la.

Nyumbani kilichobadilika hakihitaji daktari kukiona. Ukiingia kwao leo viatu vimerundikana mlangoni vikiwa na vumbi. Cirhuza havigusi. Ukimuuliza Bibiane kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku: baba aliacha kung'arisha viatu vyetu, anasema, na humu ndani haturuhusiwi kulitaja.

Nsimire hana mpango wa kuzeekea kwenye friza. Amejiandikisha kozi ya kuhudumia wazee, na akipata cheti atatafuta kazi huko. "Kule wanavaa raba," anasema. Lakini mpaka cheti kifike, nyumba inakula kutoka kwenye friza. Jumatatu iko palepale.

Jumamosi wakarudi kwa Ronnie. Nsimire alisema wazi kwamba haendi bila mumewe. Cirhuza alikuja, akabaki mlangoni mikono mifukoni, anatazama barabara.

Ronnie aliwakumbuka. Alipouona mguu alivua kofia, akaenda kuleta maboksi. Buti zenye pua ngumu isiyo ya chuma, maana chuma huita baridi. Zenye sufu ya ndani inayotoka ili ikaushwe kila siku. Zenye soli isiyogeuka jiwe kwenye barafu. Aliziweka chini moja moja.

"Papa Bibi," akaita Nsimire. "Kuja."

"Chagua na huyu mzee," akajibu Cirhuza bila kugeuka. "Yeye ndiye anajua."

"Huyu mzee anajua viatu. Mguu hii anaijua nani?"

Mwandishi aliona aibu kuwapo pale. Mwishowe Cirhuza akaja taratibu, akapiga magoti mahali pale pale alipopiga mwaka jana. Akamvalisha soksi nene. Akapachika kipande cha sponji kutoka kliniki ya miguu mahali pa vidole vilivyokwenda, akakisogeza, akakisogeza tena. Akamwingiza mguu kwenye buti, akausukuma mbele, akapitisha kidole chake nyuma ya kisigino. Kilipita. Akakunja soli, akagonga kisigino.

Akafunga kamba. Akamwambia asimame, atembee.

Nsimire akatembea hadi kwenye rafu za koti na kurudi. Ronnie akaitikia kwa kichwa kwamba zinaonekana safi. Cirhuza alikuwa bado chini, ameinua uso.

"Ni vizuri?" akauliza.

Nsimire akamtazama mumewe.

"Hapa kwa pembeni," akasema, "inabana."

Cirhuza aliinamisha kichwa, na kwa muda ilionekana kama hatainuka tena. Kisha akaanza kufungua kamba, haraka, akamwomba Ronnie kwa Kiingereza alete kubwa zaidi.

"Na ile ingine ikibana," akasema Nsimire, "nitasema tena."

"Sema," akajibu Cirhuza, mguu wa mkewe ukiwa mapajani mwake. "Mama Bibi, sema."